Nyasi Zasemaje? Uhakiki wa Laws of War, Nyongeza ya Mchezo wa Vita

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki kazi moja ambayo huenda baadhi ya wasomaji wakashangaa kuikuta katika jarida la idara ya lugha. Kazi yenyewe ni nyongeza ya mchezo wa kompyuta. Mchezo waitwa Arma 3, nao ulitolewa mwaka 2013 na kampuni ya Bohemia Interactive ya Jamhuri ya Cheki. Nyongeza yake iitwayo Laws of War, yaani Sheria za Vita, ilitolewa Septemba 2017. Tunaichukua kazi hii kwa sababu mbili. Kwanza, ni masimulizi: ina wahusika, mandhari, migogoro na msimamo, na kila chenye mambo hayo chaweza kupimwa kwa vipimo vya fani na maudhui tuvitumiavyo darasani. Pili, vijana wengi tunaowafundisha hukutana na masimulizi ya namna hii kabla ya kukutana na riwaya, na mhakiki akataaye kukitazama kile ambacho jamii yake yakitazama asilalamike kwamba hasikilizwi.

Niliiona kazi hii kwa mara ya kwanza nyumbani kwetu Manyatta, Embu, wakati wa likizo ya Desemba. Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliicheza kwenye kompyuta yake usiku mmoja, nami nikaketi kando yake. Nyuma yetu aliketi mama yangu mzazi, ambaye alikuwa msichana mdogo wakati wa Hali ya Hatari, na ambaye alilelewa katika mojawapo ya vijiji walimokusanywa watu na serikali ya kikoloni kuanzia mwaka 1954. Kwenye kiwambo ulionekana mji mdogo ulioharibiwa kwa mabomu, na mtu mmoja akipita humo polepole, mkononi ana kifaa cha kugundulia vyuma. Mama alitazama kwa muda mrefu bila kutamka neno. Kisha akauliza kwa Kiembu: wenye nyumba hizi wako wapi, na wao wasemaje? Mpwa wangu hakuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kulichukua swali hilo na kulifanya swali la uhakiki.

Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kwamba wapiganapo tembo, nyasi huumia. Methali hiyo tumeirudia mara nyingi mno hata hatuichunguzi tena. Tukiichunguza tutaona kwamba yaeleza hali ya nyasi kwa jicho la mtu asimamaye kando. Yatuambia kwamba zaumia. Haituambii zasema nini. Hoja ya makala haya ni kwamba nyongeza tunayoihakiki imefika hasa pale methali inapofika, jambo ambalo si dogo, kisha ikasimama hapo.

Muhtasari wa Kazi

Ni vema kueleza kwanza nyongeza ni nini, kwa faida ya wasomaji wasiozoea mambo haya. Mchezo wa kompyuta ukishauzwa, watengenezaji wake huweza kuuongezea mandhari, vifaa, wahusika na visa vipya, ambavyo mchezaji huvinunua na kuviunganisha na mchezo alio nao. Kwa hiyo nyongeza haisimami peke yake. Ni kama sura mpya iliyoandikwa baada ya kitabu kuchapishwa, nayo yaweza kuibadili maana ya sura zilizotangulia.

Sura zilizotangulia katika Arma 3 ni za vita. Wakati ni mwaka 2035, na mahali ni kisiwa cha kubuni kiitwacho Altis, katika Bahari ya Mediteranea. Wapiganao ni jeshi la NATO, muungano wa mashariki uitwao CSAT, jeshi la serikali ya kisiwa hicho, na wapiganaji wa msituni. Mchezo huu wasifiwa kwa uhalisia wake. Risasi moja yaweza kumaliza kila kitu. Askari aliyebeba mzigo mzito huchoka. Mchezaji aweza kutembea kwa miguu kwa muda mrefu asimwone adui hata mmoja. Altis ina ukubwa wa kilomita za mraba 270 hivi, nayo imechorwa kwa kufuata kisiwa halisi cha Lemnos nchini Ugiriki. Uhalisia huo uliwahi kuleta balaa: mwaka 2012 wafanyakazi wawili wa kampuni hiyo walikamatwa Lemnos kwa tuhuma za upelelezi, wakafungwa kwa muda wa siku 129, wakaachiliwa kwa dhamana Januari 2013.

Laws of War yaja baada ya vita hivyo kwisha. Mhusika mkuu ni Nathan MacDade, mtegua mabomu aliyeajiriwa na shirika la kubuni la misaada liitwalo IDAP. Yuko katika mji mdogo wa Oreokastro, ambao umebaki magofu, akitafuta mabomu yaliyotegwa ardhini na yale yaliyoanguka bila kulipuka. Akiwa kazini azungumza kwa simu na mwandishi wa habari, Katherine Bishop, atakaye kujua nini kiliupata mji huo. Kila MacDade akumbukapo jambo, mchezaji arudishwa nyuma, akaingizwa katika mwili wa mtu mwingine aliyepitia Oreokastro wakati wa vita au muda mfupi baadaye. Kwa njia hiyo mji mmoja waonekana kwa macho ya pande mbalimbali.

Kazi hii ilitayarishwa kwa ushirikiano na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Nusu ya mapato halisi ya nyongeza hii kwa mwaka 2017 ilitolewa kwa Kamati hiyo, nayo ilizidi dola 170,000 za Marekani. Jambo hili twalitaja kwa sababu lahusu msimamo wa watunzi: walitaka kazi yao iwe na faida kwa watu halisi walioko katika vita halisi.

Maudhui

Dhamira kuu ni kwamba vita haviishi siku bunduki zinaponyamaza. Kichwa cha kisa chenyewe, Remnants of War, chamaanisha mabaki ya vita, na mabaki hayo ndiyo adui wa pekee katika sehemu za sasa za masimulizi. Mpwa wangu, aliyezoea mchezo huu kwa miaka kadhaa, alilalamika mwanzoni: "Mjomba, hapa hakuna wa kupigwa risasi." Malalamiko hayo ni ushahidi wa kufaulu kwa watunzi. Mchezaji aliyezoea kukimbia alazimika kutembea. Aliyezoea kutazama upeo wa macho atafute adui, sasa atazama ardhi iliyo mbele ya miguu yake. Ujumbe waingia kupitia mwili wa mchezaji kabla haujaingia akilini mwake. Riwaya haiwezi kufanya hivyo kwa urahisi.

Dhamira ya pili ni sheria. Kazi yauliza nani awezaye kushambuliwa na nani asiyeweza, na kwamba silaha isiyobagua, kama vile bomu la kutegwa ardhini, yavunja mpaka kati ya askari na raia. Hapa msomaji wa Embu na Meru ana haki ya kusimama kidogo. Mikataba ya Geneva ilitiwa sahihi mwaka 1949. Hali ya Hatari ilitangazwa nchini Kenya Oktoba 1952. Uingereza iliidhinisha Mikataba hiyo mwaka 1957, mapigano msituni yakiwa yamekwisha kuzimwa na Dedan Kimathi amekwisha kunyongwa. Katika muda huo zaidi ya watu milioni moja miongoni mwa Wakikuyu, Waembu na Wameru walihamishwa wakatiwa katika vijiji zaidi ya 800, na watu wakashurutishwa kuchimba handaki lenye vigingi vilivyochongwa kandokando ya msitu wa Mlima Kenya. Fidia ilitolewa Juni 2013 kwa wadai 5,228, jumla ya pauni milioni 19.9. Sheria ilikuwapo tangu mwanzo. Iliyokosekana ni sauti ya kuitumia, na sauti hiyo ilichukua nusu karne kusikika.

Jambo moja dogo katika nyongeza hii laonyesha tatizo hilo waziwazi. Mchezaji aweza kurusha ndege ndogo isiyo na rubani, nayo ikadondosha vikaratasi vya kuwapasha raia habari. Watunzi walikusudia wema. Lakini mama yangu alipoviona vikaratasi vikishuka alicheka kidogo, na kicheko hicho hakikuwa cha furaha. Kati ya mwaka 1953 na 1955 ndege aina ya Lincoln zilidondosha mabomu juu ya misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua, na katika vita hivyo hivyo zikapita ndege za kudondosha vikaratasi, na nyingine zenye vipaza sauti zikiwahimiza wapiganaji wajisalimishe. Kikaratasi kitokacho angani ni maandishi yenye msemaji mmoja. Asomaye hawezi kujibu. Kwa mtoa onyo ni huruma. Kwa aliye chini ni sauti nyingine ya wale wale wenye ndege.

Fani

Muundo wa kazi ni wa urejeshi. Wakati wa sasa ni mmoja na mtulivu. Wakati uliopita ni mwingi na wenye kelele. Mbinu hii yafaa sana kwa dhamira, kwani bomu lililozikwa ni kama kumbukumbu: limelala, lakini halijafa. Mandhari nayo yatumika kwa ustadi. Mji ule ule ambao mchezaji huenda alipita ndani yake akipiga risasi katika sehemu za awali, sasa aupitia akihesabu hatua. Mtu aliyewahi kufurahia ushindi mahali hapo alazimika kurudi kama mfagiaji.

Kuhusu wahusika, kazi yajitahidi kutomfanya mtu yeyote kuwa shetani. Askari wa kigeni, mpiganaji wa msituni, na hata yule atendaye jambo baya ana sababu zake. Lakini tuchunguze mpango wa usimulizi. MacDade ni mgeni Altis. Bishop, amsikilizaye, ni mgeni pia. Kila kisa cha mwenyeji chapita kwanza katika kumbukumbu ya MacDade, kisha katika simu, kisha chafika kwa mwandishi atakayekiandikia dunia. Mwenyeji anaposikika, asikika ndani ya simulizi la mgeni. Swali la mama yangu lilikuwa sahihi kuliko alivyojua: wenye nyumba hawakukosekana tu kwenye kiwambo, walikosekana katika nafasi ya msimulizi.

Lugha yathibitisha jambo hilo. Watu wa Altis huzungumza Kiingereza chenye lafudhi ya Kigiriki. Lafudhi imeachwa iwe alama ya ugeni wao, ilhali lugha yao wenyewe imeondolewa. Maandishi ya mchezo yametafsiriwa katika lugha kadhaa za Ulaya na Asia, Kiswahili hakimo. Mchezo ujivuniao uhalisia wa kila bunduki na kila kilima haukuona kwamba lugha ya watu ni sehemu ya uhalisia. Kosa hili si la watunzi hawa peke yao, lakini katika kazi ihusuyo haki za raia ni kosa la ndani, kwa kuwa laharibu dhamira yenyewe.

Tega na Tegua

Yafaa hapa tuseme machache kuhusu Kiswahili, maana ndicho kazi yetu. Lugha yetu ina kinyambuo cha kutengua: funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua. Katika mzizi mmoja tumebeba kitendo na kuondolewa kwake. Tusemapo "bomu la kutegwa ardhini" twaleta picha ya mtego, na penye mtego pana mtegaji na mtegwa. Kwa hiyo istilahi yetu yauliza moja kwa moja: nani alitega? Nani anaviziwa? Kisha "mtegua mabomu" amjibu. Mhusika kama MacDade angepata jina kamili katika Kiswahili bila kuazima lolote.

Lakini tuendapo hatua moja mbele twakwama. Bomu la mtawanyiko hufunguka angani likamwaga vibomu vingi vidogo, na baadhi yake huanguka bila kulipuka. Vibomu hivyo havikutegwa, viliachwa. Risasi za mizinga zilizoshindwa kulipuka ni vivyo hivyo. Kwa vitu hivi twatumia kishazi kizima: "bomu ambalo halijalipuka." Hicho ni kielezo, hakijawa jina. Wanaisimu waweza kuliona jambo hili kama upungufu mdogo wa msamiati. Mchungaji mdogo wa mbuzi huliona kwa namna nyingine, kwa sababu ni vigumu kumkataza mtoto asiguse kitu kisicho na jina.

Mabaki ya Mazoezi

Mfano huo wa mchungaji hatukuubuni kwa ajili ya hoja. Neno manyatta, ambalo ni jina la kwetu Embu, lina asili ya Kimaa, na maana yake ni makazi ya morani. Mtu akiondoka Manyatta yetu, akafuata barabara ya Embu kupitia Runyenjes, Chuka na Meru, akateremka Isiolo na kuendelea kaskazini, atafika Archers Post katika siku hiyo hiyo, akawakuta Wasamburu ambao kwao neno hilo ni la lugha yao wenyewe. Huko, na pia Dol Dol upande wa Laikipia, jeshi la Uingereza limefanya mazoezi ya kivita kwa miaka mingi. Ardhi hiyo ndiyo malisho ya wafugaji. Silaha ambazo hazikulipuka zilibaki katika malisho, na watu wakauawa na wengine kukatika viungo, wengi wao wakiwa watoto waliokuwa wakichunga. Julai 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa wadai zaidi ya 200, Wamaasai na Wasamburu.

Tuyapime maneno. Oreokastro ni mji wa kubuni, na mabomu yake ni mabaki ya vita vya kubuni. Archers Post ni mahali halisi, na silaha zilizoachwa huko zilikuwa mabaki ya vita ambavyo havikupiganwa hapo. Yalikuwa mabaki ya mazoezi. Askari waliigiza vita, wakarudi kwao, na sehemu ya maigizo ikabaki chini ya majani ikingoja mtu wa kuiokota. Hakuna kisa kinachofaa zaidi kuelezwa na mchezo wa vita kuliko hiki, kwa kuwa chauliza swali ambalo kila mchezo wa vita hulikwepa: mchezo ukiisha, nani abakiaye uwanjani?

Kenya iliridhia mwaka 2001 Mkataba wa Ottawa wa kupiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini, nao mkutano wa kwanza wa kuutathmini Mkataba huo ulifanyika Nairobi mwishoni mwa mwaka 2004. Mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya mtawanyiko ulianza kutumika tarehe 1 Agosti 2010. Twajua basi kwamba sheria zipo. Tusichokuwa nacho kwa Kiswahili ni masimulizi ya wale waliookota.

Kufaulu na Kutofaulu

Watunzi wamefaulu katika mambo matatu. Wameugeuza mchezo wa kuua ukawa, kwa saa chache, mchezo wa kutegua. Wameonyesha kwamba lawama katika vita haikai upande mmoja. Tena wamewafikia vijana ambao labda wasingesoma hata ukurasa mmoja wa Mikataba ya Geneva. Mpwa wangu alimaliza kisa kile akaniuliza kama ni kweli kwamba bomu lililoanguka miaka mingi iliyopita laweza kumlipukia mtoto leo. Nikamweleza habari za Archers Post. Alikuwa hajazisikia, ingawa amezaliwa upande wa pili wa mlima uo huo.

Wameshindwa katika mawili. La kwanza ni ukinzani wa ndani: nyongeza ile ile ilikuja na mabomu ya mtawanyiko ambayo mchezaji aweza kuyapachika kwenye ndege yake na kuyadondosha apendavyo katika mchezo. Watunzi waweza kujibu kwamba huwezi kufundisha uovu wa silaha bila kuionyesha. Jibu hilo lina uzito. Hata tamthilia huonyesha mauaji ili kuyalaani. Lakini katika tamthilia mtazamaji hakabidhiwi kisu aende nacho nyumbani. Kisa kikiisha, silaha yabaki mikononi mwa mchezaji bila kisa.

La pili ndilo kubwa, nalo tumekwisha kulieleza: sauti. Kazi yawahurumia wenyeji bila kuwapa usimulizi. Kuna atakayesema kwamba mgeni mwenye moyo mwema ni daraja la kumfikishia mchezaji wa Ulaya au Marekani habari asizozijua. Twakubali. Lakini daraja huwa na ncha mbili, na kwa mchezaji wa Manyatta daraja hili laanzia ng'ambo. Mpwa wangu alilazimika kujigeuza mgeni ili ayaone maumivu ya watu wanaofanana na nyanya yake, aliyekuwa ameketi nyuma yake.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Laws of War ni kazi yenye dhamira ya maana na fani inayoitumikia dhamira hiyo vizuri, isipokuwa mahali ambapo dhamira yenyewe ilidai zaidi. Ilidai nyasi ziseme, na watunzi wakamtuma mtu azungumze kwa niaba yao.

Lakini uhakiki ukiishia katika kuwalaumu watunzi wa mbali utakuwa umefanya kazi nyepesi. Hawakutuzuia kuandika. Wazee waliolelewa katika vijiji vya Hali ya Hatari wanazidi kupungua kila mwaka, nao wasimulia kwa Kiembu, Kimeru na Kikuyu. Wafugaji waliodai fidia mwaka 2002 wangali na visa vyao kwa Kimaa. Idara zetu zina wanafunzi wenye simu ziwezazo kurekodi sauti, na zina wanaisimu wawezao kukaa na wachungaji wakauliza: kitu hiki mwakiitaje? Jina hilo, likipatikana kwa wale wanaoishi nacho, litastahili kuingia katika kamusi kuliko istilahi yoyote tutakayoiunda mezani.

Usiku ule, kompyuta ilipozimwa, mama alianza kutaja majina ya familia zilizokuwa katika safu yao ya vibanda mwaka 1954, moja baada ya jingine. Alifika la kumi na nne. Mpwa wangu alikuwa akiyaandika.